HERUFI "i" ILIYOTAKA KUMTIA MJOMBA WANGU KWENYE DENI: KWA NINI MPIRA UNAOTA MENO KWENYE TV YA HD

Leo naomba tuongee kuhusu herufi moja tu. Ukichungulia boksi la TV au menyu ya king'amuzi utakuta 1080i, 720p, 1080p. Wengi tunaangalia namba, namba ikiwa kubwa tunafurahi, herufi ya mwisho hatuna habari nayo. Kumbe mchawi ni hiyo herufi. Mimi siyo injinia, nimeishia fomu foo, ila hii kitu nimeisoma mpaka nikaielewa kwa sababu ilitaka kumla hela mtu wa karibu yangu.

Stori yenyewe ni ya miaka michache nyuma. Mjomba wangu ana kibanda umiza huku Tandika, kiingilio mia tano, mechi kubwa buku. Miaka yote alikuwa anaonyesha kwa TV ya chogo ya inchi 29, nzito kama jiwe la kusagia. Akajikusanya akanunua flati ya mtumba, inchi 43, imeandikwa Full HD. Akabandika tangazo nje: "Sasa ni HD". Watu wakajaa.

Mechi haijafika dakika ya kumi kelele zikaanza. Mstari wa pembeni wa uwanja ulikuwa ngazi ngazi. Mchezaji akikimbia, miguu inaota meno kama kitana. Mpira ukipigwa shuti unagawanyika. Kuna mzee mmoja mteja wa siku zote akasimama akasema, "Bwana we, turudishie ile ya chogo." Kibanda kizima kikacheka, mjomba hakucheka.

Nilipofika jioni nikamwamkia, akaitikia nusu. Akaniambia, "Mjomba, nadhani nimeuziwa mbovu. Jumatatu nakopa kwenye kikoba, nachukua 4K mpya dukani." Nikamwomba anipe siku mbili.

PICHA INAKUJA NUSU NUSU

Picha ya TV inachorwa kwa mistari, kutoka juu kwenda chini. Miaka ya 1930 mafundi walikuwa na tatizo. Ukionyesha picha 25 kwa sekunde, mtu anayetembea anaonekana anatembea vizuri tu, lakini kioo kinapepesa mpaka macho yanauma. Ukionyesha picha nzima 50 kwa sekunde kupepesa kunapungua sana, ila unahitaji njia pana mara mbili hewani, na njia hiyo ilikuwa haipo.

Wakapata ujanja. Picha ikatwe nusu. Kwanza rusha mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 mpaka chini. Halafu rudi juu urushe ya shufwa, wa 2, wa 4, wa 6. Kila nusu inachukua sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Jicho linaona mwako mara 50, hewani unapitisha mzigo wa picha 25. Mimi hapa nitaiita picha pishano, kwa sababu mistari inapishana. Hiyo ndiyo herufi "i". Ile "p" maana yake picha inakuja nzima, mstari kwa mstari bila kuruka.

Mambo haya siyo ya jana. BBC walipofungua matangazo ya TV pale Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, walikuwa na mitambo miwili ya kushindanisha, wakibadilishana zamu. Mmoja wa John Logie Baird, mistari 240, picha nzima 25 kwa sekunde. Mwingine wa Marconi-EMI, mistari 405, picha pishano. Mwanzoni mwa 1937 ule wa Baird ukapigwa chini. Sababu zilikuwa kadhaa, kamera zake zilikuwa zinasumbua sana, lakini matokeo ni kwamba picha pishano ilishinda na ikatawala dunia. Uingereza waliendelea kurusha mistari 405 mpaka 1985. Hata TV zetu za chogo za mistari 625, ambayo 576 ndiyo inabeba picha, ni ukoo huohuo.

Na TV ya chogo ilikuwa haina shida kabisa na picha pishano, kwa sababu imezaliwa nayo. Ndani ya lile chogo kuna mshale wa elektroni unaochora mstari mmoja mmoja, kioo kinang'aa kidogo halafu kinafifia. Nusu ya kwanza inafifia, ya pili inaingia, jicho lako linaunga lenyewe. Fundi wa kuunga alikuwa wewe mwenyewe na hukujua.

Flati haifanyi hivyo. Flati ina vitaa vidogo, pikseli, vimejaa kioo kizima na kila kimoja kinashikilia rangi yake mpaka kiambiwe badilika. Haiwezi kuonyesha mistari ya witiri peke yake halafu ya shufwa baadaye, itakuwa kama pazia lenye matundu. Kwa hiyo kabla picha haijafika kioo, lazima kuwe na mashine ya kuunga zile nusu mbili ziwe picha nzima. Kazi hiyo kwenye menyu za mashine na kompyuta utaikuta imeandikwa Deinterlace. Mimi naiita kuunga nusu.

Sasa utauliza, kuunga kuna ugumu gani? Si unapachika tu?

Ugumu ni huu: zile nusu mbili hazikupigwa wakati mmoja. Ya pili imepigwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye. Tupige hesabu. Shuti la kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kwa sekunde. Gawa kwa 50, unapata kama sentimita 55. Mpira wenyewe kipenyo chake ni kama sentimita 22. Yaani kati ya nusu ya kwanza na ya pili mpira umeshahama zaidi ya upana wake mara mbili! Ukizipachika hivihivi unapata mipira miwili, kila mmoja una mistari nusu. Hayo ndiyo meno ya kitana. TV siyo mbovu, inakuonyesha nyakati mbili kwa mpigo.

1080i, 720p, 1080p: NANI MKUBWA?

HD ilipokuja wengi tulidhani ujanja huu wa mwaka 1936 utazikwa. Haukuzikwa. Ukaingia nao.

1080i ni mistari 1080 yenye pikseli 1920 kila mmoja, lakini inakuja nusu nusu, mistari 540 kwa zamu. 720p ni mistari 720 yenye pikseli 1280, picha nzima. Angalia hesabu ya nchi zinazotumia 50 kama zetu. 1080i: 1920 mara 540 mara 50 ni pikseli 51,840,000 kwa sekunde. 720p: 1280 mara 720 mara 50 ni 46,080,000. Umeona? Mzigo karibu ni uleule. Mmoja amechagua mistari mingi, mwingine amechagua mwendo safi. 1080p ya picha 50 kwa sekunde ni 103,680,000, mara mbili ya 1080i, ndiyo maana warushaji waliikimbia miaka mingi.

Kwa hiyo dunia ikagawanyika. Marekani CBS na NBC walichukua 1080i, ABC na Fox wakachukua 720p. Ulaya, muungano wa mashirika ya utangazaji, EBU, uliwashauri wanachama 720p. ARD na ZDF za Ujerumani zilipoanza HD ya kudumu mwaka 2010 zikafuata ushauri huo. BBC na Sky kule Uingereza walianza na 1080i mwaka 2006. Na hadi leo chaneli nyingi za michezo unazozipata kwa dishi zinakuja 1080i.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni 1080p kaka, safi kabisa", hajakudanganya, ila amekwambia nusu ya habari. 1080p hapo ni kioo. Kioo kina uwezo wa kuonyesha mistari yote kwa pamoja. Kinachoingia kutoka kwa king'amuzi ni kitu kingine. Na ukinunua 4K ndiyo vilevile. Viwango vya 4K vilivyotolewa 2012 vimeifuta kabisa picha pishano, lakini siku ukiangalia chaneli ya 1080i kwenye hiyo 4K, lazima kuna mtu aunge nusu kwanza ndipo picha ikuzwe. Kama muungaji ni mbovu, umekuza ubovu.

WAUNGAJI NI WA AINA NYINGI

Wa kwanza ni mpachikaji. Anazipachika nusu mbili kama zilivyo. Kitu kikitulia, mfano maandishi au ukuta, picha ni safi kupita maelezo. Kikisogea, kitana.

Wa pili anachukua kila nusu peke yake anaivuta iwe picha nzima kwa kubuni mistari ya katikati. Mwendo unakuwa mzuri, meno hakuna, lakini umepoteza nusu ya mistari. Mstari mweupe wa uwanja uliolala kidogo unakuwa ngazi, na maandishi membamba ya matokeo pale juu yanachezacheza.

Wa tatu anachanganya nusu mbili kama chai na maziwa. Meno yanapotea, badala yake kila mchezaji anatembea na mzimu wake.

Wa nne ana akili. Anapima sehemu kwa sehemu: hapa pametulia, napachika; hapa panasogea, nabuni. Wa tano ana akili zaidi, anafuatilia kitu kimetoka wapi kinaelekea wapi halafu anakisogeza mahali pake. Hawa wawili wanahitaji chipu yenye nguvu na sekunde kidogo ya kufikiri, kwa sababu lazima waangalie nusu zilizotangulia na zinazofuata.

Halafu kuna jambo ambalo madukani linatumaliza. Filamu inapigwa picha 24 kwa sekunde. Kwenye nchi za 50 kwa kawaida inaharakishwa kidogo iwe 25, na kila picha inakatwa nusu mbili. Nusu zote mbili zimetoka kwenye picha moja, wakati mmoja. Hapo hata mpachikaji mjinga anaunga bila kosa. Na zile video za samaki na maua wanazokuwekea dukani kwa flashi huwa ni picha nzima tayari, hakuna cha kuunga. Kwa hiyo ukienda kununua TV omba wakuwekee mpira, tena wa moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi. Angalia mstari wa pembeni kamera inapokimbia. Hapo ndipo utajua una TV au una picha ya ukutani.

DIJITALI SIYO HD

Hili nalo linatuchanganya sana Bongo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikaanzia Dar es Salaam. Tukapanga foleni kununua ving'amuzi. Chenga zikapungua, watu wakasema "sasa tuko HD". Hapana wadau. Dijitali ni namna ya kusafirisha. HD ni ukubwa wa mzigo. Chaneli inaweza kuwa ya dijitali na bado ikawa mistari 576, pishano, kama enzi za chogo. Ukiiweka kwenye inchi 43 inavutwa mpaka inalia. Hapo hakuna waya wala menyu itakayokusaidia, mzigo wenyewe ni mdogo.

Na stika nazo soma vizuri. Ile ya "HD Ready" iliyoanza Ulaya 2005 maana yake TV inapokea HD na ina mistari isiyopungua 720. Nyingi za mtumba zenye stika hiyo zina pikseli 1366 kwa 768. Full HD ndiyo 1920 kwa 1080.

TULICHOFANYA KIBANDANI

Siku ya pili nikaenda mapema kabla ya wateja. Kitu cha kwanza nikageuza king'amuzi nyuma. Kimeunganishwa na waya zile tatu, nyekundu, nyeupe na njano! Mjomba alihamisha waya za TV ya chogo akazichomeka kama zilivyo. Wadau, waya ya njano haipitishi HD hata iweje. Inatoa mistari 576 pishano tu, basi. Yaani alikuwa analipia chaneli ya HD halafu anaikata miguu mlangoni. Tukanunua waya wa HDMI. Picha ikawa kali, nyasi zikaonekana. Lakini mstari wa pembeni bado ngazi.

Nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya picha. Ilikuwa imewekwa 720p. Maana yake chaneli inakuja 1080i, king'amuzi ndicho kinaunga, tena kwa ile njia ya pili ya kubuni, halafu kinapunguza, halafu TV inakuza tena iwe 1080. Mgonjwa mmoja, waganga watatu. Nikaweka 1080i ili nusu zifike kwenye TV kama zilivyorushwa, iunge yenyewe mara moja. Ikawa nafuu. Meno bado kidogo.

Mwisho nikashika rimoti ya TV. Huyo aliyekuwa nayo kabla ya kuja mtumba lazima alikuwa mtu wa gemu, maana picha ilikuwa kwenye "Game". Kwenye TV nyingi hali hiyo inazima fikra zote ndefu ili ukibonyeza kitufe cha gemu usicheleweshwe. Kati ya vinavyozimwa ni yule muungaji mwenye akili. Nikaweka "Standard".

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji ya kumwagia vumbi. Mstari wa pembeni ukanyooka kama umechorwa kwa rula. Akaweka ndoo chini, akasema, "Kumbe ilikuwa humohumo."

Gharama yote ilikuwa waya mmoja. Mkopo wa kikoba hakuchukua. Sisemi TV ikawa mpya, ile ni mtumba na weusi wake ni wa kijivu. Na kuna chaneli moja ya mistari 576 mpaka leo anailalamikia, namwambia mjomba hiyo siyo kosa la TV. Ila yule mzee wa chogo amerudi kukaa benchi la mbele.

JARIBU MWENYEWE

Kwa hiyo mdau, kabla hujakopa wala hujamtukana fundi, fuata njia ya picha kutoka dishi mpaka kioo na ujiulize: nusu zinaungwa wapi, na nani? Waya iwe HDMI. King'amuzi jaribu 1080i, angalia mechi dakika tano, halafu jaribu 1080p au 720p, angalia tena mstari wa pembeni. King'amuzi kingine kinaunga vizuri kuliko TV ya bei poa, kwa hiyo amua kwa macho yako. Zima hali ya gemu wakati wa mpira. Cha msingi kazi ya kuunga ifanywe mara moja, na yule anayeiweza zaidi.

Na nyie mnaosoma hapa kafe, hii inawahusu hata bila TV. Ukifungua video ya harusi iliyopigwa kwa kamera za kanda, au DVD ya zamani, ukaona bi harusi anaota kitana kila akigeuka, video siyo mbovu. Kioo cha kompyuta nacho ni cha picha nzima. Kwenye VLC bonyeza herufi D, au nenda kwenye menyu ya Video uchague Deinterlace, aina ya Yadif, ambayo ni wa ukoo wa waungaji wenye akili. Meno yanapotea palepale.

Onyo moja tu la mwisho, na hili naliomba kwa moyo. Kama una kanda ya harusi ya wazazi au ya bibi ambaye hayupo tena, unampelekea fundi akuhamishie kwenye flashi, mwambie akupe faili lenye nusu zote mbili kama zilivyo kwenye kanda, usilifute. Akiziunga vibaya wakati wa kuhamisha, kwa kutupa nusu moja au kuzichanganya kama chai, hakuna programu itakayorudisha mistari hiyo. Meno ya kitana yanatibika. Mistari iliyotupwa ndiyo imekwenda.

Haya, kazi kwenu. Ukienda nyumbani geuza king'amuzi, angalia kama waya ya njano bado ipo. Kisha njoo utupie maoni hapo chini ulikuta nini. Tupo pamoja.